Nani Atamaliza na Pumzi Ellis Park? Uchambuzi wa Springboks dhidi ya All Blacks

Agosti 22, 2026, Springboks wa Afrika Kusini watawakaribisha All Blacks wa New Zealand katika uwanja wa Ellis Park, Johannesburg. Ni mechi ya kwanza kati ya nne za kimataifa katika ziara ambayo wapenzi wa raga wameingojea kwa miaka 30, kwani mara ya mwisho All Blacks kuzuru Afrika Kusini kwa ziara kamili ilikuwa 1996. Ukiuliza vijiweni nani atashinda, jibu liko tayari: Afrika Kusini. Ni mabingwa wa dunia mara mbili mfululizo, wako nyumbani, na walipokutana na New Zealand mara ya mwisho, Septemba 2025 mjini Wellington, waliwatandika 43–10. Hakuna timu iliyowahi kuwafunga All Blacks kwa tofauti kubwa kuliko hiyo.

Jibu hilo huenda likawa sahihi, ila sababu zake hazitoshi. Ubingwa wa dunia ulipatikana 2023. Ushindi wa Wellington ulipatikana ugenini, kwa hiyo hautuambii lolote kuhusu nguvu ya uwanja wa nyumbani. Na Ellis Park yenyewe, kama tutakavyoona, si ngome isiyoingilika. Mwenye kutaka kuitabiri mechi hii sawasawa aache kwanza swali la nani bora, aulize lini mechi za namna hii huamuliwa na nani huwa uwanjani wakati huo. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba mechi itaamuliwa katika dakika 20 za mwisho, na watakaoiamua wengi wao watakuwa wameianza wakiwa wamekaa benchi.

Viwango vinasema nini

Tuanze na kipimo kinachotumiwa na wengi. Tangu 2003, World Rugby, chombo kinachosimamia raga duniani, hupanga timu kwa mfumo wa alama unaoanzia 0 hadi 100. Timu mbili zikikutana, aliyeshinda humnyang'anya alama aliyeshindwa. Zikiwa sawa kabisa kabla ya mechi, mshindi huchukua alama 1. Aliyekuwa juu akishinda, huchukua pungufu ya hiyo. Aliyekuwa chini akishinda, huchukua zaidi. Ushindi wa tofauti ya zaidi ya alama 15 uwanjani huongezewa uzito kwa mara moja na nusu. Kabla ya hesabu yote, timu inayocheza nyumbani huhesabiwa kama imezidishiwa alama 3.

Hizo alama 3 zinastahili kutazamwa. Mfumo unakiri kwamba uwanja wa nyumbani una thamani, lakini unaupa kila uwanja thamani ile ile, uwe wa Dublin au wa Johannesburg. Haujui nani ameumia, refa ni nani, wala timu imebadilisha kocha wiki gani. Kwa kupanga mataifa zaidi ya 100 ni chombo kizuri. Kwa mechi moja kati ya timu mbili zilizopakana kileleni, unakwambia jambo unalolijua tayari: kwamba zinakaribiana.

Historia ndefu nayo haitusaidii sana. Timu hizi zimekuwa zikikutana tangu 1921, na kwa jumla New Zealand imeshinda mara nyingi zaidi. Lakini katika mechi sita za mwisho, kuanzia Agosti 2023, Afrika Kusini imeshinda tano: 35–7 Twickenham, 12–11 katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Paris, 31–27 Johannesburg, 18–12 Cape Town, na ile 43–10 ya Wellington. New Zealand ilipata moja tu, 24–17 katika uwanja wa Eden Park, Auckland, ambako haijafungwa tangu 1994. Mwelekeo uko wazi. Hata hivyo, mechi tatu kati ya hizo tano ziliisha kwa tofauti ya alama sita au chini yake, na trai moja pamoja na mkwaju wake wa nyongeza ni alama saba. Anayesema Afrika Kusini imewazidi All Blacks kwa mbali anaangalia matokeo mawili tu na kuyasahau mengine.

Kimo cha Johannesburg

Sababu inayotajwa zaidi kila Springboks wanapocheza Johannesburg ni hewa. Mji uko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, kimo kisichotofautiana sana na cha Nairobi. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban moja ya sita. Mchezaji aliyetoka Auckland au Wellington, miji ya baharini, akikimbia kwa kasi mara tatu mfululizo hukawia kurudisha pumzi. Mpira nao husafiri mbali zaidi, kwa hiyo penalti iliyo mita 55 kutoka kwenye milingoti, ambayo pengine ingeitwa ndoto, hapa inajaribiwa.

Ikiwa hewa ndiyo silaha ya mwenyeji, matokeo yaonyeshe hivyo. Kati ya 2010 na 2024, timu hizi zilikutana mara nane katika nyanda za juu za Johannesburg na Pretoria. New Zealand ilishinda sita. Ilishinda 29–22 katika uwanja wa FNB mwaka 2010, 32–16 hapo hapo 2012, 38–27 Ellis Park 2013, 27–20 Ellis Park 2015, 32–30 Pretoria 2018, na 35–23 Ellis Park 2022. Afrika Kusini ilipata mbili tu: 27–25 mwaka 2014 na 31–27 mwaka 2024, zote Ellis Park.

Takwimu hiyo inaivunja hoja ya hewa kama inavyosemwa kwa kawaida. Inawezekana kimo huwachosha wageni, lakini kwa miaka mingi New Zealand ilikuwa na dawa yake. Mchezo wao wa pasi za haraka na mbio ndefu uliwachosha pia wenyeji, hasa wachezaji wazito wa mbele, na mpira unaosafiri mbali huwafaa wenye mikwaju mizuri wa pande zote mbili. Kimo humwadhibu yeyote anayelazimika kukimbia bila kutaka, awe mgeni au mwenyeji.

Robo ya mwisho

Zaidi ya nani alishinda, mechi hizo zinafundisha lini alishinda. Mwaka 2010, siku nahodha John Smit alipoadhimisha mechi yake ya 100, Springboks walikuwa mbele 22–17 dakika chache kabla ya mwisho. Richie McCaw na Israel Dagg wa New Zealand wakafunga trai mbili. Mwaka 2014 New Zealand walikuwa mbele 25–24 hadi dakika ya 78, ndipo Pat Lambie, aliyeingia akitokea benchi, akapiga penalti kutoka karibu mita 55 na kukata mfululizo wa All Blacks wa mechi 22 bila kufungwa. Mwaka 2015 McCaw alifunga trai ya ushindi kwa mbinu ya lainauti, yaani mpira wa kurushwa kutoka pembeni, katika robo ya mwisho.

Mwaka 2018 mjini Pretoria, Springboks waliongoza 30–13 wakiingia robo ya mwisho, wakapoteza 32–30. Mwaka 2022 walitangulia 23–21 baada ya penalti ya Handré Pollard, kisha David Havili na Scott Barrett wa New Zealand wakafunga. Mwaka 2024 mambo yaligeuka: New Zealand waliongoza 27–17 zikiwa zimebaki dakika 12 hivi, na trai za Kwagga Smith na Grant Williams zikawapa wenyeji ushindi wa 31–27.

Kwa hiyo katika mechi sita kati ya nane, aliyeshinda aliupata ushindi mwishoni, na mara nyingi baada ya kuwa nyuma. Mchezo wa raga una dakika 80. Katika uwanja wenye hewa nyepesi, dakika 60 za kwanza ni za kuchoshana, na malipo hukusanywa baadaye. Uongozi wa alama 7, 10, hata 17 wakati wa saa ya kwanza kuisha hauna dhamana. Ndiyo maana wanaosuka mikeka ya kubeti kwa kuangalia nani anaongoza wakati wa mapumziko huumia sana kwenye mechi hizi.

Benchi la wanane

Sasa tunafika kwenye kiini. Kila timu ina wachezaji 15 uwanjani na wanane wa akiba. Desturi ya miaka mingi ilikuwa kuweka akiba watano wa mbele na watatu wa nyuma. Kocha Rassie Erasmus wa Springboks aliivunja desturi hiyo. Katika Kombe la Dunia la 2019 nchini Japani, Afrika Kusini iliweka akiba sita wa mbele na wawili wa nyuma, na wale sita wakapewa jina la Bomb Squad. Kazi yao haikuwa kungoja mwenzao aumie. Waliingia wote kwa pamoja mapema katika kipindi cha pili, wakiwa na nguvu mpya dhidi ya watu waliokwisha kusukumana kwa dakika 50. Fainali dhidi ya England iliisha 32–12.

Agosti 2023, Twickenham, Willie le Roux, mchezaji wa nyuma wa Springboks, alijiondoa dakika za mwisho na Kwagga Smith akaingizwa badala yake kwenye orodha ya akiba. Ghafla benchi likawa na wachezaji saba wa mbele na mmoja tu wa nyuma. All Blacks walifungwa 35–7. Miezi miwili baadaye Erasmus na Jacques Nienaber, aliyekuwa kocha mkuu wakati huo, walitumia mgawanyo huo huo wa saba kwa mmoja katika fainali ya dunia.

Mpango huo una hatari iliyo wazi: wakiumia wachezaji wawili wa nyuma, nani ataziba? Afrika Kusini imeijibu hatari hiyo kwa kuandaa watu wa kazi mbili. Smith alitokea raga ya wachezaji saba na anaweza kusimama nyuma akihitajika. André Esterhuizen, mchezaji wa katikati mwenye mwili wa mbele, amefunzwa kucheza mbele na nyuma. Kocha akiwa na watu kama hao, idadi ya akiba kwenye karatasi haimbani sana.

Matunda yake yalionekana 2025. Wellington, New Zealand walikuwa mbele 10–7 wakati wa mapumziko. Kipindi cha pili Springboks wakakishinda 36–0. Paris mwezi Novemba, Lood de Jager wa Springboks alitolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, Ufaransa ikiwa mbele 14–13. Springboks wakiwa 14 walishinda kipindi cha pili 19–3 na mechi 32–17. Wiki moja baadaye walipata kadi nyingine nyekundu mapema dhidi ya Italia na bado wakashinda 32–14. Timu inayoweza kukimbia na watu pungufu kwa nusu ya mechi, kisha ikaongeza kasi mwishoni, imejengwa kwa ajili ya Ellis Park.

Sasa linganisha na upande wa pili. Tatizo kubwa la All Blacks katika 2025 lilikuwa kumaliza. Twickenham mwezi Novemba waliongoza 12–0 dhidi ya England, wakapoteza 33–19. Agosti walifungwa 29–23 mjini Buenos Aires, mara yao ya kwanza kupoteza katika ardhi ya Argentina. Timu iliyokuwa ikiwaadhibu wengine robo ya mwisho, ile ya 2010, 2015 na 2018, sasa ndiyo inayoadhibiwa. Hapa ndipo historia mbili zinapogongana: ile ya nyanda za juu inayowapa New Zealand sita kwa mbili, na ile ya mabenchi tangu 2023 inayoipendelea Afrika Kusini. Mimi naipa ya pili uzito mkubwa zaidi, kwa sababu inaeleza kinachotokea uwanjani sasa hivi, wakati ile ya kwanza ni ya wachezaji ambao wengi wamestaafu.

Ushahidi wa upande wa pili

Mtabiri mwaminifu hutafuta mechi inayompinga. Iko moja, nayo ilichezwa pale pale. Agosti 16, 2025, Australia walifika Ellis Park, ambako hawakuwa wameshinda tangu 1963. Ndani ya dakika 20 Springboks walikuwa mbele 22–0. Australia wakafunga alama 38 mfululizo, na mechi ikaisha 38–22.

Nini kilitokea? Springboks walianza kwa kasi ambayo hakuna kikosi kinachoweza kuidumisha katika hewa ile. Walipoona ushindi ni rahisi, walizidi kusambaza mpira pembeni, wakapoteza mipira kwenye ruki (pale mpira unapogombaniwa ardhini), na kila mpira uliopotea ukawalazimu kukimbia kurudi nyuma. Australia walisubiri, wakashindania mpira ardhini, na kipindi cha pili wakawa wao wenye miguu. Benchi lililosifiwa halikuokoa kitu. Hili linathibitisha hoja ya robo ya mwisho na papo hapo linaionya: nguvu za benchi hufaa ikiwa kikosi cha kwanza kimekabidhi mechi iliyo mikononi. Kikikabidhi mechi iliyokwisha kupasuka, walioingia wanakimbizana na moto.

Ushahidi wa pili ni wa bahati. Ubingwa wa 2023 ulipatikana kwa kushinda robo fainali 29–28, nusu fainali 16–15 na fainali 12–11. Katika fainali, Sam Cane alikuwa nahodha wa kwanza kuonyeshwa kadi nyekundu katika fainali ya Kombe la Dunia, na New Zealand walicheza wakiwa 14 kwa sehemu kubwa ya mechi. Hata hivyo walikaribia kabisa. Richie Mo'unga alikosa mkwaju wa nyongeza baada ya trai ya Beauden Barrett. Jordie Barrett akakosa penalti ya mbali dakika ya 73. Mkwaju mmoja kati ya hiyo miwili ungebadilisha vitabu. Mpira wenye umbo la yai haudundi kwa adabu, na utabiri wowote usioacha nafasi kwa hilo ni majigambo. Japani walioifunga Afrika Kusini 34–32 mjini Brighton mwaka 2015 hawakuwa kwenye mkeka wa yeyote mwenye akili timamu.

Mpira wa juu, skramu na filimbi

Robo ya mwisho inaandaliwa na mambo matatu.

La kwanza ni mpira wa juu. Mwishoni mwa 2024 waamuzi waliagizwa kuwa wakali kwa wachezaji wanaorudi kumkinga mwenzao anayesubiri kudaka mpira. Tangu hapo mkwaju mrefu wa angani umekuwa silaha ya kushambulia, kwani anayefukuzia ana njia wazi. Katika hewa ya Johannesburg mpira huo huruka mbali kuliko mpigaji alivyozoea pwani, na kosa la mita tano humpa mpinzani nafasi ya kushambulia. Cheslin Kolbe wa Springboks ni mfupi lakini hodari mno katika kushindania mipira hiyo, na Wellington alifunga trai mbili. New Zealand wana Will Jordan, mmoja wa wafungaji hatari zaidi duniani, anayengoja mpira uliodunda ovyo. Timu itakayodaka zaidi itapumzika zaidi, na pumzi ndiyo tunayoizungumzia.

La pili ni skramu, pale wachezaji wanane wa mbele wa kila upande wanaposukumana. Novemba 2025 mjini Dublin, wasukumaji wawili wa mstari wa mbele wa Ireland walionyeshwa kadi za manjano kwa makosa ya skramu, na Afrika Kusini ikashinda 24–13. Malcolm Marx, aliyechaguliwa mchezaji bora wa dunia wa 2025, na wenzake kama Ox Nché wanaweza kugeuza skramu kuwa kiwanda cha penalti. Kila penalti ya skramu ina faida mbili: alama 3 au mpira wa lainauti karibu na mstari, na uchovu wa wanane waliosukumwa nyuma. Sheria imeminya kidogo silaha hiyo. Tangu katikati ya 2024 timu iliyopewa mkwaju huru haiwezi tena kuchagua skramu, kama Damian Willemse alivyofanya katika robo fainali ya 2023 dhidi ya Ufaransa kwa kudaka mpira ndani ya eneo lake na kuomba skramu mbele ya macho ya ulimwengu uliopigwa na butwaa.

La tatu ni filimbi. Chini ya utaratibu wa sasa, mchezaji aliyepewa kadi nyekundu kwa kosa lisilo la makusudi anaweza kubadilishwa na mwingine baada ya dakika 20. Kadi hiyo haiui tena mechi, lakini dakika 20 za kucheza 14 dhidi ya 15 Johannesburg ni deni linalolipwa mwishoni. Kadi ya manjano dakika ya 65 ni mbaya zaidi kuliko ya dakika ya 10. Mwaka 2024 trai ya Smith ilikuja All Blacks wakiwa na mtu mmoja pungufu kwa kadi ya manjano. Yeyote atakayepoteza mtu katika robo ya mwisho ataipoteza mechi. Kati ya mambo yote niliyoyasema, hili ndilo ninaloliamini zaidi.

New Zealand wana nini cha kutumaini

Mengi. Kwanza, hawataingia Ellis Park moja kwa moja kutoka kwenye ndege. Ratiba ya ziara inawapa mechi dhidi ya Stormers, Sharks na Bulls kabla ya mechi ya kwanza ya kimataifa, na Bulls wako Pretoria, nyanda za juu. Miili itakuwa imeanza kuzoea, na kocha atakuwa amewapima wachezaji wake wa akiba katika hewa ile ile.

Pili, wana kocha mpya. Scott Robertson aliachana na timu Januari 2026 baada ya misimu miwili. Kwa mtabiri hili ni tatizo kubwa kuliko kwa timu yenyewe, maana sehemu ya takwimu za 2024 na 2025 nilizozitegemea ni za mtu ambaye hayupo. Tabia ya kufifia mwishoni inaweza kuwa ya wachezaji, na inaweza kuwa ya mfumo wa mazoezi na namna ya kufanya mabadiliko. Ikiwa ni ya mfumo, inaweza kurekebishwa ndani ya miezi michache.

Tatu, bado wana wachezaji ambao mmoja wao peke yake anaweza kuiamua mechi. Ardie Savea hupata mipira ardhini ambayo wengine hawaifikirii, na ardhini ndiko Australia walikowapata Springboks. Cam Roigard, namba 9, ana mbio za kupenya kando ya ruki wakati walinzi wamechoka. Kama Springboks watarudia kosa la kusambaza mpira kabla ya kuushinda, hao wawili wanatosha.

Na nne, ziara ya 1996 inawakumbusha kwamba inawezekana. Kikosi cha Sean Fitzpatrick kilishinda Durban 23–19 na Pretoria 33–26 na kuwa All Blacks wa kwanza kushinda mfululizo wa mechi katika ardhi ya Afrika Kusini. Mechi ya tatu, iliyochezwa Ellis Park, walifungwa 32–22, lakini kazi ilikuwa imekwisha.

Dalili za Julai

Kabla ya Agosti kuna Julai, na mechi za Nations Championship, shindano jipya linaloanza mwaka huu. Afrika Kusini inawakaribisha England, Scotland na Wales, na ile ya England inachezwa Ellis Park. New Zealand inacheza na Ufaransa, Italia na Ireland nyumbani. Anayetaka kuurekebisha utabiri wake asiangalie matokeo ya mwisho pekee. Aangalie alama baada ya dakika ya 60: New Zealand wanazipata au wanazitoa? Aangalie benchi lao lina wangapi wa mbele. Wakiweka sita kwa wawili dhidi ya Ireland, kocha mpya amelielewa tatizo. Kwa Springboks, aangalie mipira wanayoipoteza kwenye ruki wakiwa mbele. Kikosi kinachoongoza na kuanza kucheza kwa kujifurahisha ndicho kilichofungwa na Australia.

Utabiri

Natarajia mechi ya namna hii. New Zealand wataanza vizuri, wakipiga mipira mirefu na kuukimbiza mchezo pembeni, na si ajabu wakawa mbele wakati wa mapumziko. Springboks watajibu kwa skramu na mauli (kundi linalosonga mbele na mpira likiwa limesimama), wakichukua alama tatu tatu badala ya kulazimisha trai. Kati ya dakika ya 45 na 55 benchi la wenyeji litaanza kuingia kwa makundi. Kufikia dakika ya 60 tofauti itakuwa ndani ya alama 7, upande wowote. Kuanzia hapo naipa Afrika Kusini faida, na ushindi wa tofauti ya kati ya alama 4 na 10, tuseme 29–23.

Nina uhakika kiasi gani? Mechi hii ikichezwa mara 10 kwa hali ninayoijua, Springboks wanashinda sita, pengine saba. Ndiyo maana sitakubaliana na anayesema New Zealand wanakuja kuchinjwa. Nitaubadilisha utabiri kwa mambo mawili: Julai ikionyesha All Blacks wanamaliza mechi kwa nguvu, au Erasmus akilazimika kwa majeruhi kurudi kwenye benchi la kawaida la watano kwa watatu. Yakitokea yote mawili, nitawapa New Zealand ushindi. Lisipotokea hata moja, basi hata ukiwaona wageni wakiongoza kwa alama 10 saa ya kwanza ikiisha, usiuchane mkeka uliowapa wenyeji.